Kamera Isiyojua Kukohoa

Marehemu baba alikuwa akikohoa kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Akifika kwenye pembe ya ukuta wa ua, pale penye mlimau, husimama, akakohoa kikohozi kifupi cha kujitangaza, kisha akangoja. Ndani, mama yangu na majirani waliokuja kusukana au kupepeta mchele huvuta leso zao vichwani. Mama hujibu, "Ngoja tujistiri." Baba hungoja. Baada ya kitambo mama husema, "Haya, pita," na ndipo mwenye nyumba huingia kwake.

Nilipokuwa msichana jambo hilo lilinichekesha sana. Mtu amefanya kazi miaka na miaka katika kiwanda cha sukari kule Ramisi, amejenga nyumba kwa jasho lake, kila jiwe analijua lilikotoka, halafu anaomba ruhusa ya kuingia! Siku moja nilimwuliza. Akaniambia kwamba ua ni wa wanawake, yeye kazi yake ilikuwa kujenga ukuta tu. Wanaume wote wa mtaa wetu walikuwa hivyo. Hata mkwezi, akija kuangua nazi, alikuwa akipiga kelele kwanza chini ya mnazi, "Napanda jamani! Napanda!" maana akishafika huko juu huona nyua zote. Tulijifunika, naye akapanda.

Nimeanza na kikohozi cha baba kwa sababu bila hicho hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima kama mimi nilikwenda kugombana na serikali.

Nyumba yetu iko Ukunda, nyuma ya maduka ya Kona ya Musa. Zamani palikuwa kimya, sasa mji umetufuata mpaka mlangoni. Mimi hushona mapazia, nina duka langu dogo hapo barabarani. Wateja wangu wengi ni wenye nyumba za kukodisha kule Diani, na kazi hii imenifunza jambo moja kuhusu binadamu. Mgeni anayeshinda ufukweni nusu uchi, asiyejali nani anamwona, akiingia chumbani kwake huvuta pazia. Akikuta halifiki chini, huanza kulalamika kabla hajafungua sanduku. Sijapata kuona mtu ambaye hana mahali anapotaka asitazamwe.

Baba alifariki wakati wa mvua ndogo. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwa mjane wa Kiislamu. Mwenye elimu atakwambia sheria yenyewe si ngumu kama tunavyoifanya, kwamba mila zetu zimeongeza mengi juu yake. Labda. Lakini mama alilelewa kwa mila hizo, na kwake eda ilikuwa na maana moja tu, kwamba mwanamume asiyekuwa mahram wake, yaani anayeweza kumwoa, asimtie machoni mpaka muda uishe. Alivaa nguo nyeupe isiyo na pambo, akaacha manukato, akaacha kwenda hata msibani. Wanaume wa ukoo waliokuja kutoka Gazi kumpa pole walisema naye kutoka nje, yeye akiwa nyuma ya mlango.

Alichobaki nacho ni ua. Mama ana magoti mabovu, yanayokaza usiku kama bawaba zenye kutu, na dawa yake ni jua la asubuhi. Kila siku alikuwa akitoka, akakaa kwenye kiti chake cha kamba akiwa ameinyoosha miguu, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zikikauka baada ya kuoga. Alikuwa akivuta uradi, mara nyingine akilia kidogo. Nilikuwa nikimwacha. Nilijua pale ndipo anapokuwa na baba.

Sasa niseme habari ya kamera, na niseme haki. Wezi walikuwa wametuchosha. Walivunja duka la simu, wakavunja la mchele, wakavunja na langu, wakabeba majora ya kitambaa ambayo nilikuwa sijayakata hata kipande. Chifu alipoita baraza na kutangaza kwamba serikali itaweka kamera katika njia panda zetu, tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Hakuna aliyeuliza zitaangalia wapi. Tulidhani kamera ya barabara itaangalia barabara, kwani itaangalia nini kingine?

Nguzo ya chuma ikaja kusimikwa nyuma ya ukuta wetu, hatua chache kutoka kwenye mlimau. Fundi aliyepanda ngazi kufunga kile kidude alikuwa mtu wa pwani. Alipofika nusu ya ngazi aliangalia chini, akaona anaelekea wapi, akashuka tena, akakohoa. Mama akaingia ndani. Fundi akamaliza kazi yake, akaondoka, na mama akarudi kwenye kiti chake. Kwa mama mambo yalikwisha hapo, maana mtu aliyepanda juu alikuwa ameshuka. Asubuhi iliyofuata alikaa pale kichwa wazi, na iliyofuata, na nyingine nyingi.

Mpaka alipopita mzee wetu wa nyumba kumi.

Huyu mzee simchukii. Kazi yake ni kujua nani amehamia, nani ana mgeni, nani amegombana na nani, naye huifanya kwa mapenzi makubwa. Kabla ya kamera, kamera yetu ilikuwa yeye. Lakini hata yeye na udaku wake wote hupiga hodi, na ukimwambia hapana nafasi, huenda zake akanuna huko. Siku hiyo alisimama nje ya ukuta akaniita kwa furaha.

"Sasa tumelindwa, mwanangu," aliniambia huku akionyesha juu kwa bakora. "Kile kidude kinaona! Kinaona mpaka sisimizi kwenye sinia lenu la mchele humo uani. Wanakaa kule ofisini, wanatazama kwenye kioo."

Nilisikia kiti cha kamba kikilia nyuma yangu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaingia ndani na mlango umefungwa.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. "Tangu lini?" aliniuliza. "Siku zote hizi nilizokaa pale, wanaume wamekuwa wakinitazama?"

"Sijui, mama."

"Baba yako hakupata kuniingilia uani ghafla hata siku moja. Miaka yote ile. Hii eda ndiyo kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia, nami nimeiharibu kwa kutafuta jua."

Nilimwambia hakuharibu kitu, kwamba Mwenyezi Mungu hamhesabii mtu asilolijua. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia mtoto anayekueleza ndoto yake. Asubuhi iliyofuata hakutoka uani.

Mimi nikikasirika mikono yangu hutafuta kitambaa. Nilikuwa na kile kizito sana, cheusi upande mmoja, ambacho hoteli hukitaka ili mgeni alale mpaka saa nne asijue kumekucha. Nilikitoa chote. Nilishona vipande pamoja, nikafunga nyaya kutoka paani hadi kwenye ukuta, nikapanda ngazi, nikaufunika ua mzima. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliniuliza kama kuna harusi.

Ua ukawa giza kama stoo. Nilikuwa nimeizuia kamera, na jua nalo nimelizuia. Mama alitoka mara moja, akakaa kwenye kiti chake chini ya lile giza, akaangalia juu, akarudi chumbani. Baada ya hapo magoti yakaanza. Kwanza alisali akijishika ukutani, kisha akawa anasali ameketi. Nilimkanda kwa mafuta moto asubuhi na jioni. Kilichoniuma zaidi ya magoti ni kwamba aliacha kulia. Alikaa tu, ananiuliza kama nimekula.

Kumbe yote niliyoyafanya yalikuwa yakionekana vingine mahali pengine. Fikiria mtu wa bara aliyeletwa kazini Ukunda mwezi uliopita, hajui eda ni nini, ameketi mbele ya kioo. Anaona nyumba moja, mara tu kamera inapokuja, inafunikwa juu kwa kitambaa cheusi. Madirisha yamefungwa. Sahani ya chakula inatoka kwa jirani, inaingia mlango wa mbele, inarudi tupu, na mlaji haonekani. Wanaume wanakuja, wanasimama nje ya mlango, wanazungumza na mtu aliye ndani, wanaondoka. Mimi mwenyewe kama ningekuwa naangalia ningesema, hawa wanamficha mtu.

Na kwetu huku pwani, neno "wanamficha mtu" likishasemwa juu ya nyumba, haliishii pazuri. Tunazijua nyumba zilizosemwa hivyo. Vijana walichukuliwa humo na watu wa serikali, nao mama zao wanauliza waliko mpaka leo.

Walikuja alasiri, wawili kutoka ofisi ya kamera, kijana mwanamume na askari mwanamke, wote wageni kwa lafudhi. Hawakupiga hodi wala kukohoa. Waligonga bati la mlango kwa ngumi mpaka kuku wakaruka.

"Mathe, nani ako huko ndani?" kijana aliuliza.

"Kwanza mtu husalimu," nilimwambia.

Alitazama chini. "Shikamoo."

"Marahaba. Ndani yuko mama yangu."

"Sasa mbona haonekani? Hakuna mtu ameona yeye wiki nyingi. Na hii ua mlifunika ya nini?"

"Mama yangu yuko eda. Ni mjane. Haonwi na wanaume mpaka muda wake uishe."

"Hiyo tutajua tukiona." Akapiga hatua moja mbele.

Nilijiweka katikati ya mlango, mikono huku na huku. Sijui niliipata wapi sauti niliyoitoa, lakini najua majirani waliisikia, maana vichwa vilianza kuchungulia kila upande. Nilimwambia kama ana karatasi ya mahakama ailete, na kama hana, basi atapita juu ya maiti yangu, na akishapita atakuwa na wajane wawili wa kuwaeleza wakubwa wake. Hesabu hiyo haikuwa sawa, mimi sikuwa mjane bali nimeachwa, lakini mtu akiwa na hasira hahesabu vizuri. Nilikuwa nimemwona mama moyoni, akitolewa nje na mwanamume asiyemjua.

Yule askari mwanamke ndiye aliyetuokoa. Alimshika mwenzake kiwiko. "Wacha mimi niingie," alisema. Kisha akanigeukia. "Mama, naweza kumwona mimi?"

Nikampisha. Alivua viatu vyake vizito mlangoni bila kuambiwa, nami hasira ikapungua kidogo. Tulibaki nje, mimi na kijana, kila mmoja anaangalia kuku. Ndani nilisikia sauti ya mama, taratibu, ikimwambia mgeni karibu mwanangu, kaa, umetoka mbali? Mama mzazi yupo? Askari akakaa muda mrefu kuliko unaohitajika kuhakikisha kwamba mtu ni bibi kizee.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Ni shosho tu," alimwambia mwenzake. "Anaomboleza. Na miguu imeshikana kwa sababu hawezi kuota jua. Anaogopa kamera yetu."

Nilivuta pumzi, nikaegemea ukuta. Hapo ningeweza kufunga mlango na kumshukuru Mungu. Lakini kijana akajitetea. "Hiyo kamera inaangalia barabara, mathe. Haiangaliangi kwa watu."

"Umejuaje kuwa tumefunika ua?"

Aliangalia juu, kwenye nguzo.

"Nataka nione mnachokiona," nikamwambia. "Leo hii."

Ofisi yao ilikuwa chumba kidogo chenye feni na vioo kadhaa ukutani. Nilijiona mshamba kwa muda, halafu nikauona mnazi wetu. Kamera iligeuka polepole, ikapita barabarani, kwenye bodaboda, kwenye duka langu, vizuri sana, mpaka kufuli niliiona. Kisha ikaendelea kugeuka ikafika kwetu. Kitambaa changu kilionekana kama doa jeusi. Kando yake kulikuwa na ua wa jirani, na jirani mwenyewe amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, leso imemwanguka mabegani, hana habari. Niliangalia pembeni. Nilihisi ni mimi niliyemwingilia uani kwake.

"Waona?" nilimwambia kijana. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Nikaeleza basi habari ya mkwezi, kwamba kwetu anayepanda juu hupiga kelele kwanza. Nikaeleza kikohozi. Nikasema chuma chenu hiki kimepanda na hakijashuka, na hakikohoi.

Lakini lililonipeleka pale lilikuwa jingine, na nilikuwa naliogopa. Nilitaka kujua kama mama alionekana zile asubuhi za kwanza. Waliniambia kuwa mashine huhifadhi picha kwa muda kabla ya kuzifuta, na kwamba za siku zile lazima bado zimo. Kijana alinyoosha mkono azitafute. Nikamzuia. Kwa sababu ili tujue kama mama ameonwa, ilibidi mtu amtazame, na kama alikuwa hajaonwa na mwanamume yeyote, basi huyu kijana angekuwa wa kwanza. Nilisimama pale nimeshika mkono wa ofisa wa serikali kama wa mtoto mwizi wa maandazi.

"Nimeelewa," alisema. Akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Namkumbuka kwa hilo.

Tukabaki wanawake wawili. Askari alirudisha picha nyuma, siku baada ya siku. Ua mweusi, ua mweusi, ua mweusi. Nilikuwa nimeshika pindo la buibui langu kwa mikono yote miwili. Kisha nikajiona mimi, juu ya ngazi, mdomo umejaa vibanio vya nguo, kitambaa begani, nikiikunjia kamera ngumi. Askari alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Chini yangu kiti cha kamba kilikuwa kitupu.

"Rudi nyuma zaidi," nilimwambia.

Alibonyeza. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena, bado. Nilidhani ameharibu. Akaenda kumwuliza kijana mlangoni, akarudi anatabasamu.

"Hakuna kitu nyuma, mama. Iliwashwa asubuhi ileile uliweka kitambaa. Kabla ya hapo haikuwa na stima, waya hazikuwa zimeunganishwa. Ilikaa kwa nguzo bure, ikingoja watu wa stima."

"Bure?"

"Bure kabisa. Ilikuwa kipofu."

Nimeilaumu serikali maisha yangu yote kwa kuchelewa. Barabara imechelewa, maji yamechelewa, kitambulisho changu chenyewe kilichelewa mpaka nikasahau nilipiga picha nimevaa nini. Siku hiyo niliketi kwenye kiti cha ofisi ya serikali, nikaishukuru kwa uzembe wake, nikalia kwa sauti mpaka askari akanigeuzia feni upande wangu.

Mkubwa wao alikuja kuona kelele ni za nini. Alikuwa mtu mzima, Kiswahili chake cha shule, hana papara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba mwizi naye anaweza kuruka uani kwangu, je, nisingependa aonekane?

"Akiruka uani nitapiga mayowe na majirani watajaa," nilimjibu. "Ndivyo tulivyolindana siku zote. Barabarani saa za maduka kufungwa ndiko hakuna wa kumsikia mtu. Huko nakutaka. Duka langu litazame usiku na mchana, nitakuletea chai. Lakini ukifika ukutani kwangu umefika mwisho. Ukinishuku, njoo mlangoni na karatasi yako na askari wa kike, bisha, nitafungua. Usikae juu ya nguzo ukinitazama ili upate sababu ya kunishuku."

Alikuna kidevu. Akamwuliza kijana, aliyekuwa amerudi, kama mashine inaweza kuziba sehemu. Kijana akasema inaweza, ni kazi ndogo tu, unachora mraba na mahali hapo hapaonekani wala hapahifadhiwi.

"Mbona haukufanya?"

"Hakuna mtu aliuliza, mkubwa."

Wakaichora palepale, mbele yangu. Niliwafanya waigeuze kamera mara kadhaa nihakikishe kwamba mraba unaufuata ua na haubaki nyuma. Kisha nikasema, na wa jirani. Na ule wa nyuma yake. Tulizunguka mtaa mzima hivyo, mimi nikitaja, kijana akiziba, mpaka kwenye kioo pakabaki barabara, maduka na njia panda, na nyua zetu zote zimekuwa vipande vyeusi vilivyokatwa sawasawa. Kwa jicho la mshonaji, ilikuwa kazi safi. Nilikuwa nimeushonea mtaa mzima mapazia bila kutumia uzi.

Sijidanganyi. Nilijua nimebahatika kupata mtu msikivu, na kwamba siku akihamishwa, bahati yangu inaweza kuhamishwa naye. Nilimwambia hivyo usoni. Hakukasirika. Alisema, "Ukiwa na shaka, mama, kuja uangalie." Nami huenda. Nikipita sokoni naingia, nasalimu, natazama vipande vyangu kama vipo, natoka. Nadhani wananichoka, lakini mlango hawajanifungia.

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Mama alikuwa kitandani, uso ukutani. Nilimweleza yote, nikaanza na la mwisho, kwamba kamera ilikuwa haina stima. Hakuelewa mara ya kwanza. Nikarudia. Ilikuwa kipofu, mama. Asubuhi zote zile ulikuwa peke yako.

Aligeuka akanitazama. "Hakuna aliyeniona?"

"Wallahi, hakuna."

"Basi nimemtunzia," alisema, na machozi yaliyokuwa yamekataa kwa majuma mengi yakatoka. Nilimkumbatia nikalia naye, kisha nikaenda kuteremsha kitambaa. Nilikichana mahali pengine kwa haraka, hasara yangu. Kesho yake asubuhi mama alijikokota mpaka kwenye kiti cha kamba. Alikiangalia kwanza kile chuma kikigeuka juu ya ukuta. Kisha akavua leso kichwani, akaitandaza magotini, akafumba macho.

Siku ya kutoka eda, wanawake walijaa uani toka asubuhi. Mama alioshwa, akavishwa leso mpya, akafukizwa udi. Tulikuwa tunapakua pilau wakati kikohozi kiliposikika nje, kwenye pembe ya mlimau. Kilikuwa kikohozi kibaya sana, kirefu, kama cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kelele zote zilikatika. Nilichungulia. Alikuwa yule kijana wa ofisini, hana sare, na pembeni yake askari mwanamke ameshika mfuko wa sukari.

"Nimekohoa sawa?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Wanawake walipasuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Tangu baba afe hapakuwa na mtu aliyekohoa pale akingoja kuingia. Mkono wake ulikuwa umepanda kifuani, nami nikaogopa kwamba furaha yote ya siku ile inaharibika. Aliuteremsha. Alivuta leso yake mpya kichwani, akaiweka vizuri upande huu, akaiweka vizuri upande ule.

"Ngoja tujistiri," aliita, kwa sauti ileile.

Kijana wa serikali akangoja juani, mikono nyuma. Mama hakufanya haraka. Alingoja kila mwanamke ajifunike, akanyoosha na nguo yake magotini, kisha akasema, "Haya, pita."